Kompyuta ikiganda baada ya kufungwa, usikimbilie kuizima

MJINI Garissa, ambako joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35, karani aliyefunga skrini akaenda kuswali adhuhuri huenda akarudi akaikuta kompyuta imeganda, na barua asiyoihifadhi ingali ndani.

Asikimbilie kuizima. Abonyeze Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja. Skrini ikisalia nyeusi, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B, ili programu inayoendesha skrini ianze upya bila kazi kupotea.

Aghalabu kosa si la nywila. Mashine iliyoachwa hulala, kisha programu hiyo, ikiwa imepitwa na wakati, hushindwa kuamka. Dawa ni kuisasisha na kuizuia mashine isilale yenyewe. Vumbi nalo, ambalo Kaskazini Mashariki halina likizo, huziba feni. Lipulizwe mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa umeme.