Tuyatunze Magofu ya Songo Mnara, Nayo Yatutunze

Ukitoka Kilwa Masoko kwa mashua, unakipita kisiwa cha Kilwa Kisiwani, kisha unaelekea kusini. Baadaye unaona mikoko mingi mbele yako. Hicho ni kisiwa cha Songo Mnara. Maji yakiwa yamekupwa, mashua haifiki nchi kavu. Unavua viatu, unakunja suruali, unatembea kwenye tope.

Kisiwani kuna kijiji cha wavuvi na wakulima. Lakini kuna pia mji mwingine, mji wa mawe. Mji huo hakai mtu ndani yake.

Mji huo ulijengwa na Waswahili wa pwani yetu hii, miaka zaidi ya 600 iliyopita. Siku hizo Kilwa ilikuwa tajiri. Ilifanya biashara ya dhahabu na pembe za ndovu. Ilikuwa na sarafu zake yenyewe za shaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1500 watu waliuhama mji wa Songo Mnara. Leo yamebaki magofu ya nyumba zaidi ya 30, misikiti, jumba kubwa na ukuta wa mji. Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vyake ni vyembamba, kwa sababu dari zilishikwa na boriti, na boriti ina urefu wake.

Mwaka 1981, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

KOSA LANGU

Mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu ni minazi, mihogo na mikorosho. Siku moja nilikwenda Songo Mnara kwa kazi ya minazi. Nilipita kwenye magofu na mzee mmoja fundi wa kujenga. Nikaona mche wa mti umeota juu ya ukuta. Nikaudharau. Nikaushika kwa mikono miwili nikaung'oa, kama ninavyong'oa magugu shambani.

Mti ulitoka. Na mawe nayo yakatoka. Kipande cha ukuta kilianguka karibu na miguu yangu.

Mzee hakunigombeza. Alisema, "Bwana Shamba, mizizi imeshika mawe. Ukivuta mti, unavuta nyumba. Mti wa ukutani haung'olewi. Hukatwa chini kwenye shina, kila unapochipua hukatwa tena, mpaka mzizi ufe. Kisha fundi huziba tundu kwa chokaa."

Nilimwuliza, "Mzee, kwa nini tusizibe kwa saruji? Saruji ni ngumu."

Akajibu, "Ugumu wake ndio ubaya wake. Jiwe la tumbawe ni laini, linapumua. Saruji huzuia maji ndani. Maji ya chumvi yakikosa njia, hulila jiwe. Ukuta wa chokaa hutibiwa kwa chokaa."

Mimi niliyezoea kufundisha, siku hiyo nilifundishwa.

MAADUI WA MAGOFU

Adui wa kwanza ni miti na majani. Wa pili ni maji: mvua hulowesha kuta kutoka juu, na mawimbi ya bahari hula ufuko kutoka chini. Wa tatu ni sisi wenyewe. Tukichukua mawe ya magofu tukajengea msingi, tunabomoa. Tukikata mikoko ovyo, tunaifungulia bahari mlango. Mkoko huvunja nguvu ya mawimbi na kushika udongo. Humo pia samaki, kaa na kamba huzaliana. Kwa hiyo mkoko mmoja unalinda ukuta na unalinda kitoweo.

Mwaka 2004 magofu yetu yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Serikali ilianza kazi. Nchi rafiki, zikiwamo Ufaransa, Japani na Marekani, zilisaidia. Kuta ziliimarishwa, na wananchi wa visiwani walishiriki. Mwaka 2014 magofu yalitolewa katika orodha hiyo ya hatari.

"SILI MAWE"

Mwanakijiji mmoja aliniuliza, "Bwana Shamba, mawe haya yananipa nini? Mimi sili mawe."

Swali lake ni la haki. Mtu hawezi kulinda kitu kisichomfaa. Lakini magofu yanaweza kuleta kazi. Mgeni anayekuja anahitaji mashua, chakula na mtu wa kumwongoza. Ukuta unaotengenezwa unahitaji fundi wa chokaa na vibarua. Kazi hizo zishikwe na watu wa kisiwani. Na fedha za kijiji zikipatikana, hesabu zake zisomwe mbele ya mkutano wa kijiji, kila mtu asikie.

Tena, si kila jengo la kale ni gofu. Kilwa Kivinje ina nyumba za zamani ambazo zinaweza kutengenezwa zikatumika. Tutazame wenzetu. Ngome ya Lamu, nchini Kenya, ilikuwa gereza mpaka mwaka 1984. Baadaye ikawa makumbusho na maktaba. Unguja, katika Mji Mkongwe, zahanati ya zamani iliyo karibu na bandari ilikuwa imechakaa sana. Ilitengenezwa katika miaka ya 1990 ikapata kazi mpya. Nyumba yenye watu huonekana ufa wake mapema.

Jengo lililochelewa kutengenezwa huleta msiba. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883, iliporomoka. Watu wawili walikufa.

TUFANYE NINI?

1. Tusichukue jiwe hata moja kutoka kwenye magofu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda.

2. Tusipande juu ya kuta, wala tusifunge mbuzi hapo.

3. Tukiona mti umeota ukutani, tusiung'oe. Tumwarifu mlinzi wa magofu.

4. Tusikate mikoko bila ruhusa. Palipo wazi, tupande.

5. Vijana wajifunze ufundi wa chokaa kwa wazee, kabla wazee hawajaondoka na ufundi wao.

Mara ya mwisho nilipofika Songo Mnara, nilikwenda kuutazama ule ukuta wangu. Tundu lilikuwa limezibwa kwa chokaa. Mzee alikuwa amekaa kivulini, na kijana mmoja alikuwa akichanganya chokaa na mchanga mbele yake. Mzee alinitazama akacheka. "Bwana Shamba," alisema, "leo usishike kitu."

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa Songo Mnara ukianguka wote, hakuna atakayeweza kuujenga tena ukawa ule ule. Tuuzibe ufa sasa.