Je, Wajua? Skuli za Chile na Mali ya Wazazi
Je, wajua kwamba nchini Chile, katika Amerika ya Kusini, watoto wa mafukara na wa matajiri walitenganishwa skulini kwa uwezo wa mifuko ya wazee wao? Mwaka 1981, serikali ya kijeshi ya Jenerali Augusto Pinochet iliamuru kwamba ruzuku ya elimu imfuate mwanafunzi katika skuli ya manispaa au ya binafsi. Na sheria ya mwaka 1993 ikazipanulia skuli binafsi zenye ruzuku njia ya kuwatoza wazazi ada juu ya ruzuku hiyo, hata kila tabaka likajikusanya peke yake, na mafukara wengi wakabaki katika skuli za manispaa. Mwaka 2006 wanafunzi wa sekondari, walioitwa “pengwini” kwa sababu ya sare zao, waliandamana kudai insafu. Na sheria ya mwaka 2015, zama za Rais Michelle Bachelet, ikaanza kuziondoa hatua kwa hatua ada hizo, pamoja na desturi ya kuchagua wanafunzi na kutafuta faida kwa fedha za umma. Elimu ni haki ya kila mtoto, wala haijuzu kuipima kwa mali ya babaye.