Mzigo begani, hadithi sikioni

UKIFIKA mpaka wa Manyovu alfajiri, kabla maofisa hawajafungua madirisha yao, utawakuta akina mama wamekaa juu ya marobota, wamejifunga khanga hadi puani kwa baridi. Wapo wanaohesabu fedha na wapo wanaosinzia. Mmoja utamwona anatabasamu peke yake, waya umepita chini ya kilemba chake. Usimdhanie kichaa. Mwanamke huyo ni mimi, na wakati huo kuna mtu anauawa Uingereza, nami namtafuta muuaji.

Kwa miaka zaidi ya kumi sasa nanunua vitenge na vyombo vya plastiki Kigoma na kuviuza Rumonge. Anayeijua biashara hii anajua kwamba sehemu kubwa yake ni kungoja. Unangoja basi lijae, unangoja mhuri, unangoja mvua ikatike. Katika kungoja huko ndipo nilipojifunza kusikiliza vitabu.

Nasema kusikiliza, si kusoma. Ni vitabu vilivyorekodiwa vikisomwa kwa sauti, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kuwekwa kwenye simu. Kiingereza nilikipata sekondari Tabora, wakati familia yetu ikiishi katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Mdogo wangu aliyeko Canada ndiye aliyeninunulia kitabu cha kwanza. Leo nataka kumweleza msomaji mambo niliyoyaona katika aina tatu ninazozipenda: hadithi za upelelezi, hadithi za ulimwengu wa ajabu na historia ya vita.

Vilianza kwa vipofu

Wengi hudhani vitabu hivi vililetwa na simu za kisasa. Sivyo. Nchini Uingereza vilianza kupelekwa kwa wasioona mwaka 1935. Miongoni mwa waliokusudiwa walikuwa askari waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao wengi wao walikuwa watu wazima na vidole vyao vilishindwa kuzoea maandishi ya nukta. Vilirekodiwa kwenye santuri ambazo kila upande ulibeba kama dakika 25, hivyo riwaya moja ilihitaji santuri kama kumi.

Miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa kilikuwamo kimoja cha Agatha Christie kinachohusu mauaji ya bwana aitwaye Roger Ackroyd. Yaani askari kipofu, aliyetoka kuona vifo vya maelfu, alipewa kifo kimoja cha kubuni ili aburudike. Jambo hili lilinishangaza mpaka nilipolifikiria vizuri. Katika vita hakuna anayeuliza nani kamuua nani. Katika hadithi ya upelelezi kila mtu anauliza, na hapumziki mpaka apate jibu.

Kisa hiki kinanigusa kwa sababu nyingine. Baba yangu mzazi haoni. Presha ya macho ilimaliza jicho moja tukiwa bado Tanzania, na la pili likafuata miaka michache baada ya kurejea Burundi mwaka 2009. Kiingereza hajui. Basi kila nikitoka safari, jioni humkalisha barazani na kumsimulia nilichosikia, Kirundi kikichanganyika na Kiswahili cha Tabora. Kwa hiyo maoni utakayoyasoma hapa ni ya wasikilizaji wawili, na wa pili ndiye mkali zaidi.

Upelelezi: sauti ndiyo shahidi

Katika hadithi za upelelezi, ubaya au uzuri wa msomaji unaonekana haraka. Kuna watu saba chumbani, wote wanasema uongo, na msomaji ni mmoja. Akiwapa wote sauti moja utapotea. Akizidisha mbwembwe, mwanamke akawa anapiga kelele na mzee akawa anakohoa kila neno, utachoka kabla ya saa ya pili. Msomaji mzuri hubadilisha sauti kidogo tu, kama mtu anayesimulia ugomvi wa majirani.

Hadithi za Sherlock Holmes, zilizoandikwa na Arthur Conan Doyle, zinafaa sana kwa anayeanza. Nyingi ni fupi, unaweza kuimaliza moja ukiwa kwenye foleni. Anayesimulia ni Daktari Watson, askari aliyerudi kwao na jeraha kutoka vita ya Afghanistan, hana ndugu London, hana kazi, na fedha zinamwishia. Hivyo ndivyo kinavyoanza kitabu cha kwanza cha Holmes cha mwaka 1887. Nilipomweleza baba, aliuliza kwanza kama huyo Watson alipewa kiwanja. Nikamwambia alipata chumba cha kupanga.

Kilichotupendeza wote ni mfululizo wa Alexander McCall Smith kuhusu Mma Ramotswe, mama anayefungua ofisi ya upelelezi Gaborone, Botswana. Cha kwanza kilitoka mwaka 1998. Rekodi yake imesomwa na Lisette Lecat, mzaliwa wa Afrika Kusini, na majina ya Kitswana hayavunjiki mdomoni mwake. Hili si dogo. Nimewahi kuzima kitabu kwa sababu msomaji alilitamka jina la Kiafrika kana kwamba anatema mfupa.

Na kwa nini sisi hatuna vyetu? Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Ulyankulu vitabu vya Musiba vilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakatoka. Vikisomwa vizuri na kurekodiwa, nawahakikishia mabasi ya Kigoma yatanyamaza.

Baba ana lawama moja kwa aina hii. Anasema kesi zinaisha vizuri mno. Mwishoni wote wanaitwa sebuleni, mpelelezi anasimama, ukweli unatoka na mkosaji anakiri. Kesi yetu ya shamba, ambayo nitaieleza baadaye, ilikuwa na mashahidi wanane. Wanne walisema hivi, wanne wakasema vile, na kila mmoja aliamini anachosema.

Historia ya vita: wapi wapagazi?

Aina hii ndiyo ngumu kuliko zote kwa sikio. Kitabu cha Barbara Tuchman kuhusu mwezi wa kwanza wa vita ya 1914 ni kizuri sana, na kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1963. Lakini majeshi yanatembea kushoto na kulia, majenerali wanapishana, nawe huna ramani. Kwenye kitabu cha karatasi ungefunua ukurasa ukatazame. Sikioni huwezi. Dawa yangu ni kuchora ramani kwa kalamu nyuma ya daftari la mahesabu na kuibeba safarini.

Stalingrad cha Antony Beevor ni rahisi zaidi kukifuata, kwa kuwa mji ni mmoja na mto ni mmoja, na kisa kinakwenda moja kwa moja tangu kiangazi cha 1941 hadi Wajerumani waliposalimu amri mapema Februari 1943. Hata hivyo usikisikilize ukiwa na njaa. Na usikisikilize usiku kama umewahi kukimbia risasi. Nilijaribu, nikalazimika kuamka na kuwasha taa.

Lawama yangu kubwa ni nyingine. Vitabu vingi vya Vita Kuu ya Kwanza vinaishia Ufaransa na Ubelgiji, kana kwamba huku kwetu tulikuwa tumelala. Ilinibidi niokote habari zetu vipande vipande. Nikajua kwamba mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji, ambalo askari wake wengi walikuwa Wakongo, liliingia Kigali mwezi Mei na Gitega mwezi Juni, na tarehe 19 Septemba likaiteka Tabora. Tabora ninayoijua mimi, nilikonunua daftari la shule!

Nikajua pia habari ya meli. Wajerumani walijenga Graf von Götzen kwao, wakaifungua vipande, wakaisafirisha na kuiunganisha upya Kigoma mwaka 1915. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui. Iliibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Ndiyo Liemba ile ile iliyowarudisha wakimbizi wa Kongo mwaka 1997, na mwaka 2015 ikawachukua Warundi waliokuwa wamekwama ufukweni Kagunga na kuwafikisha Kigoma. Mimi na jamaa zangu tumeipungia mkono meli hiyo mara nyingi bila kujua kwamba iliwahi kutumika vitani.

Vita ile iliisha kwetu tarehe 25 Novemba 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Ulaya walikuwa wamenyamazisha bunduki wiki mbili kabla. Na nani aliyebeba mizigo yote ile? Wapagazi. Upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kufa wapatao 95,000, wengi kwa maradhi na njaa. Wafanyabiashara wenzangu mnaokwenda Dar es Salaam kununua bidhaa Kariakoo, jina la soko lenu linatokana na kikosi cha wapagazi hao.

Nilipomsimulia baba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Mwanangu, jenerali ana jina, meli ina jina. Aliyebeba ana hesabu.” Tangu siku hiyo kila nikisikiliza historia ya vita namngojea mbeba mzigo. Mwandishi asipomtaja kabisa, nampunguzia alama.

Ulimwengu wa ajabu: safari ya kwenda na kurudi

Zamani nilizidharau hadithi za majoka na mbilikimo. Nilidhani ni za watoto. Kisha mdogo wangu akaniletea The Hobbit cha J.R.R. Tolkien, kilichotoka mwaka 1937. Rekodi mbili zinazojulikana zaidi ni ya Rob Inglis na ile ya Andy Serkis ya mwaka 2020. Ya Serkis ina michezo mingi ya sauti. Ya Inglis ni ya babu aliyekaa karibu na moto. Kwa safari ndefu nachagua babu.

Tolkien mwenyewe alikuwa askari. Alikuwa kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa, mwaka ule ule wa 1916 ambao Tabora ilitekwa, akarudishwa kwao mwezi Novemba akiwa na homa ya mahandaki. Sishangai kwamba aliandika vizuri juu ya mtu anayerudi nyumbani.

Maana katika kitabu hicho sehemu iliyonishika si joka. Bwana Bilbo amesafiri, ameteseka, anarudi kwao zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Anafika mlangoni na kukuta watu wamejaa. Ametangazwa kuwa amekufa, na vitu vyake vinanadiwa! Inambidi anunue tena fanicha zake mwenyewe. Vijiko vyake vya fedha, vingi havikuonekana tena, naye anawashuku jamaa zake.

Nilikuwa kwenye basi baina ya Mabanda na Nyanza-Lac niliposikia hayo. Nilicheka mpaka abiria wakageuka, kisha nikafuta machozi.

Sasa nieleze kesi yetu. Baba alikimbia mwaka 1972 akiacha shamba la michikichi karibu na Rumonge. Aliporudi mwaka 2009, baada ya miaka 37, alikuta familia nyingine. Hawakumpora kwa mkono wao. Waligawiwa, wakalima, wakazika wazee wao pale. Kesi ilichukua miaka, na mwishowe shamba likagawanywa nusu kwa nusu. Kaka yangu alikubali. Baba alikataa hata kumwamkia jirani. Akasema nusu ya haki ni dhuluma nzima.

Jioni ile nilimsimulia habari ya Bilbo na mnada. Alinisimamisha mara tatu arudiwe. “Alinunua kitu chake mwenyewe?” Ndiyo, baba. “Na wale waliokuwa wakinadi, aliwapeleka wapi?” Aliendelea kuishi nao kijiji kimoja. Akatikisa kichwa. Baada ya muda akauliza, “Na vijiko?” Nikamwambia havikurudi.

Sitamdanganya msomaji kwamba kitabu kilimaliza ugomvi. Lakini wiki iliyofuata jirani alipopita, baba alimwita kwa jina na kumuuliza kama ile michikichi mitatu ya kisimani bado ipo. Jirani akamwambia ilikatwa zamani, kabla yeye hajafika. Baba akasema, “Basi, hivyo ndivyo vijiko.” Jirani hakuelewa. Nilimweleza baadaye.

Kwa anayetaka kuanza

Si lazima uwe na ndugu ng'ambo. LibriVox, iliyoanzishwa mwaka 2005, inatoa bure rekodi za vitabu vya zamani vilivyosomwa na watu wa kujitolea. Holmes yumo. Ubora wa wasomaji unatofautiana, hivyo sikiliza dakika tano kabla ya kupakua chote. Katika ubora wa kawaida, saa moja huchukua karibu megabaiti 30, basi kitabu cha saa kumi ni kama 300. Pakua mjini, uweke kwenye kadi ya simu, na barabarani hutatumia hata senti ya bando.

Ukiwa mpakani acha sikio moja wazi. Wezi wanampenda mtu mwenye masikio mawili yaliyozibwa, na bodaboda haina huruma.

Simulizi za Kiswahili zinazorekodiwa na vijana kwenye YouTube zinaongezeka, na nyingine ni nzuri. Ila baba ameanza kulalamika. Anasema amechoka kusubiri nirudi safari ndipo asikie kilichotokea. Anataka kitabu kirefu, cha lugha yake, akisikilize mwenyewe asubuhi wakati mimi niko Manyovu nangoja mhuri.