Mchungaji Atanguliaye

Zaburi ya 23 hujulikana kila mahali palipo na Wakristo. Watoto hujifunza kuisema kwa ghaibu, wagonjwa husomewa vitandani mwao, na waombolezaji huisikia makaburini. Zaburi hiyo yamwita Mungu mchungaji. Tena yatajwa kuwa Zaburi ya Daudi, ambaye kabla ya kuwa mfalme alichunga kondoo wa baba yake huko Bethlehemu. Basi mtu atakaye kuielewa vema, yafaa kwanza ajue habari za nchi ile na za kazi ile.

Bethlehemu ni mji ulio juu ya vilima vya Uyahudi. Upande wa mashariki nchi hushuka sana, mpaka Bahari ya Chumvi, ambayo pwani yake iko zaidi ya meta 400 chini ya usawa wa bahari kuu. Hapana mahali pengine pa nchi kavu duniani palipo chini kama hapo. Kati ya mji na bahari hiyo ni nyika ya mawe, yenye magenge na makorongo. Mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, huisha Aprili, na baada ya hapo karibu hainyeshi kabisa. Majani huota hata nyikani, lakini jua la kiangazi huyakausha upesi. Kwa hiyo malisho mabichi yanayotajwa katika Zaburi si shamba lililo nyuma ya nyumba. Ni mahali ambapo mchungaji amepatafuta kwa miguu yake, na kesho itampasa kutafuta pengine.

Maji nayo ni ya shida. Mara nyingi hupatikana katika kisima kilichofunikwa kwa jiwe kubwa, na mchungaji huliondoa jiwe, huteka maji, na kuyamimina birikani. Mvua ikinyesha kwa nguvu, makorongo hujaa mafuriko kwa ghafula. Kondoo akiingia humo, manyoya yake hulowa na kuwa mazito, naye aweza kuzama. Ndiyo sababu mchungaji mwema huwatafutia kondoo wake maji yaliyotulia.

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mvulana achungaye huenda nyuma ya wanyama, akiwaswaga kwa fimbo. Mchungaji wa Uyahudi mara nyingi hufanya vingine: hutangulia mbele, huita, na kondoo humfuata. Jambo hilo si dogo. Atanguliaye ndiye akutanaye kwanza na nyoka, na shimo, na mnyama mkali, na mnyang'anyi. Kondoo hapiti mahali ambapo mguu wa mchungaji haujapita kwanza.

Nao humfuata kwa sababu wanaijua sauti yake. Makundi mawili au matatu yakikutana kisimani, kondoo huchanganyika hata mgeni hawezi kuwatambua. Lakini wakiisha kunywa, kila mchungaji huenda zake akiita kwa mwito wake, na kondoo hujitenga wenyewe, kila mmoja akamfuata wake. Watu wengi humdhania kondoo kuwa mnyama asiye na akili. Hata hivyo, mwaka 2001 wataalamu wa Uingereza walionyesha ya kuwa kondoo aweza kuzitambua nyuso za kondoo wenzake 50, na kuzikumbuka kwa muda wa miaka miwili. Kwa hiyo udhaifu wa kondoo si kwamba hawezi kujua. Udhaifu wake ni kwamba hana pembe kali, wala makucha, wala mbio za kumshinda adui. Akikosa mchungaji amekosa silaha yake.

Mchungaji alichukua vitu viwili mkononi: rungu la kupigana na adui, na gongo refu la kutembelea na la kumwongoza kondoo apoteaye njia. Pengine alikuwa na kombeo pia. Zamani za Daudi, simba na dubu walikuwa wakikaa katika nchi hiyo, ingawa siku hizi hawako tena mwituni huko. Daudi mwenyewe alimweleza mfalme Sauli jinsi alivyowaua alipokuwa akichunga. Usiku kondoo waliingizwa katika zizi la mawe, lenye miiba juu ya ukuta. Mazizi mengine hayakuwa na mlango wa mbao. Mchungaji alilala penye nafasi ya kuingilia, hata mwizi au mbwa-mwitu asiweze kupita pasipo kumkanyaga yeye. Basi mwili wake ndio uliokuwa mlango.

Lakini si kila mtu achungaye huwa na moyo huo. Sheria ya Musa ilisema ya kuwa mtu aliyepewa mnyama wa mwenzake amtunze, mnyama huyo akiraruliwa, alete mabaki yake yawe ushahidi, asilipe. Nabii Amosi, aliyekuwa mfugaji wa Tekoa, kusini ya Bethlehemu, alitaja mchungaji anayepokonya kinywani mwa simba miguu miwili tu au kipande cha sikio. Kipande cha sikio chamtosha mtu wa mshahara, maana chaonyesha ya kuwa hakuiba. Mwenye kondoo hatoshwi na sikio. Yeye amtaka kondoo wake mzima. Kwa sababu hiyo Yesu, katika sura ya 10 ya Injili ya Yohana, alitofautisha mtu wa mshahara na mchungaji mwema. Amwonapo mbwa-mwitu, yule wa kwanza hukimbia; wa pili huutoa uhai wake.

Tena, katika sura ya 15 ya Luka, Yesu alisimulia habari za mtu mwenye kondoo 100, ambaye mmoja wao alipotea. Mtu ahesabuye faida tu angesema kwamba 99 wawatosha wenye akili. Lakini kondoo aliyepotea hajui kurudi. Akianguka chali katika shimo, pengine hawezi kuinuka. Hewa hujaa tumboni mwake, naye hufa kabla ya siku nyingi kupita. Basi mchungaji hawezi kungoja. Alipompata hakumpiga wala hakumswaga, bali alimweka mabegani. Kondoo mkubwa aweza kuwa na uzito wa kilo 50 au zaidi, na njia ya nyikani ni ya kupanda. Hata hivyo, Injili yasema ya kuwa mtu yule alikuwa akifurahi. Wakristo wa kale waliupenda sana mfano huo. Katika mapango ya makaburi yaliyochimbwa chini ya ardhi huko Roma, picha zilizochorwa katika karne ya 3 zaonyesha mchungaji akiwa na mnyama mabegani. Waliokuwa wakizika wapenzi wao walitaka kukumbuka ya kuwa Mungu hamwachi wake gizani.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, aliwakemea wakubwa wa Israeli waliokula mafuta na kuvaa manyoya, wala wasiwalishe kondoo. Akatangaza ya kuwa Mungu mwenyewe atawatafuta waliopotea na kuwafunga waliovunjika. Hapo yaonekana tofauti. Mchungaji mbaya huishi kwa kondoo; mchungaji mwema huishi kwa ajili yao.

Yako jambo moja katika Zaburi ya 23 ambalo wasomaji wengi hulipita bila kuliona. Mwanzoni, penye majani na maji, Daudi asimulia habari za Mungu kama mtu amtajaye aliye mbali kidogo: Yeye hufanya hivi, Yeye hufanya vile. Lakini afikapo katika bonde la giza, maneno yabadilika. Haneni tena habari za Mungu, bali asema na Mungu mwenyewe: Wewe. Malishoni kondoo aweza kutawanyika kidogo. Katika korongo jembamba humkaribia mchungaji hata kumgusa.

Kwa hiyo Zaburi haikuahidi kwamba bonde halitakuwako. Mtoto apendaye Mungu aweza kuugua, aweza kufiwa na mama yake, aweza kuona njaa nyumbani kwao. Mambo hayo si dalili ya kuwa mchungaji amemwacha. Njia ya kwenda malisho mapya hupita bondeni, na mchungaji ametangulia kupita hapo. Kazi ya kondoo si kuijua njia yote. Kazi yake ni kuijua sauti, na kuifuata.