Ufalme wa mbinguni hauanzi kaburini

Mwaka 1944, katika misitu ya Masisi, Walikale na Lubutu, mashariki mwa Kongo, Bushiri Lungundu alitangaza kwamba amesimama mahali pa Yesu na kwamba wakati wa Mungu kutawala umefika. Yeye na watu wake, wengi wao Wakumu, walikuwa wa Kitawala, dini iliyochipuka kwenye mafundisho ya shirika la Watch Tower la Marekani, ikapitia Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini hadi migodi ya Katanga. Serikali ya Wabelgiji iliwaadhibu wafuasi kwa kuwahamishia mikoa ya mbali, na kwa kufanya hivyo ikaisambaza imani ile ile iliyotaka kuizima. Uasi wa Bushiri ulizimwa na jeshi la kikoloni, Force Publique, na damu ikamwagika.

Tusiwacheke. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimewaelemea. Mwaka 1942 siku za kazi za lazima kwa mwaka ziliongezwa kutoka 60 hadi 120, huku watu wakisukumwa msituni kutafuta mpira, wengine migodini na barabarani. Kanisani waliambiwa wavumilie, thawabu iko mbinguni baada ya kufa. Bushiri aliwaambia ufalme unaingiwa leo, na mlango wake ni kuondoka kwa mzungu. Wengi wakaona heri hilo.

Kwa maoni yangu, kila upande, kanisa na Bushiri, ulishika kipande cha ukweli. Katika Injili, Yesu anaanza kuhubiri kwa kutangaza kwamba ufalme umekaribia, na kwenye Luka sura ya 17 anawajibu Mafarisayo waliouliza tarehe kwamba tayari uko kati yao. Lakini anawafundisha pia wanafunzi wake kuomba ufalme huo uje. Umeanza, haujakamilika. Anayeuingia anajiweka chini ya utawala wa Mungu sasa, akiwa bado anaishi chini ya tawala za watu. Ndiyo maana Yesu hakukubali kufanywa mfalme kwa nguvu, ingawa nchi yake nayo ilikaliwa na Warumi.

Utaonekanaje, basi, utawala usio na jeshi wala kodi? Mathayo sura ya 25 inajibu kwa mambo ya nyumbani kabisa: chakula, maji, nguo, mgonjwa aliyetembelewa, mfungwa aliyefuatwa, mgeni aliyekaribishwa. Huku kwetu Kirotshe, Masisi, kando ya Ziwa Kivu, hilo la mgeni halihitaji mfano wa mbali. Mapigano ya mji wa Sake ya mwanzoni mwa 2024 yalipowafukuza watu, wengi walishuka kwa njia ya ziwa kuelekea Shasha, Bweremana na Minova. Wapo waliofikia shuleni na makanisani, na wapo waliopokelewa na watu wasiowajua. Katika nyumba ya namna hiyo, mwenye nyumba hulala sebuleni na watoto wake ili chumba wapewe waliokuja na mikeka tu. Maharage yaliyokuwa ya siku mbili huliwa jioni moja. Hakuna anayeuliza kabila kabla ya kupakua. Katika simulizi ya Mathayo, waliofanya hivyo wanashangaa kuambiwa kwamba walimhudumia Mfalme mwenyewe. Hawakuwa wakihesabu thawabu.

Hapo hoja huzuka: je, mbingu inanunuliwa kwa sahani ya maharage? La. Nikodemo, mwalimu mwenye heshima, aliambiwa azaliwe upya, na hakuna mtoto anayejizaa mwenyewe. Mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakuwa na muda wa kumkaribisha mgeni hata mmoja, lakini aliahidiwa kuingia siku ile ile. Kuingia ni zawadi ya Mungu, na mtoto ndiye mfano aliotoa Yesu kwa sababu hupokea asichoweza kulipia. Ukarimu ni maisha ya aliyekwisha kuipokea zawadi hiyo.

Wakatoliki na Walutheri waligombana juu ya jambo hili kwa karne nne na zaidi, hadi walipotia saini tamko la pamoja mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999: tunakubaliwa na Mungu kwa neema, na matendo mema ni matunda yake. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006. Wabaptisti na Wapentekoste, ambao ni wengi hapa Masisi, hawamo kwenye saini hizo, ila mchungaji wao na padri wanaweza kuketi leo na sura hiyo ya 25 ya Mathayo mkononi, wakapanga pamoja nani atalala wapi.