Kutoka Kipande hadi Maisha Namba: Suala la Ridhaa

Katika malango ya majumba ya Lavington, mgeni huombwa kipande kabla ya kufunguliwa. Mlinzi hunakili nambari daftarini, na ukurasa huo husomwa na kila ajaye baadaye. Aghalabu hakuna anayelalamika. Mazoea haya yana historia, na neno lenyewe ndilo shahidi. Kipande kilikuwa cheti ambacho serikali ya kikoloni, kwa sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimisha wanaume Waafrika kukibeba, kikiwa na alama za vidole na maelezo ya mwajiri, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Harry Thuku, aliyekamatwa Nairobi Machi 1922, alikuwa miongoni mwa waliokipinga.

Karne moja baadaye, kati ya Aprili na Mei 2019, serikali ya Kenya iliwaandikisha mamilioni ya watu kwa Huduma Namba. (Sarufi ya Kiswahili ingetarajia namba ya huduma, mpangilio wa Kiingereza ulitangulia hata katika jina.) Sheria iliyorekebishwa mwaka wa 2018 iliruhusu hata ukusanyaji wa DNA. Wanubi wa Kibra, ambao vijana wao kwa miaka mingi walisailiwa na jopo kabla ya kupewa kitambulisho, walikwenda mahakamani wakiuliza: asiye na stakabadhi ataandikishwaje?

Mahakama Kuu iliagiza mapema kuwa asilazimishwe mtu wala asinyimwe huduma kwa kutojiandikisha. Tarehe 30 Januari 2020 ikafutilia mbali kipengele cha DNA na kile cha kubaini mahali mtu anapoishi kwa setilaiti, na kusisitiza haja ya kanuni madhubuti. Oktoba 2021 utoaji wa kadi ulibatilishwa kwa kuwa athari zake kwa faragha hazikuwa zimetathminiwa kwanza, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ilidai hivyo. Mnamo 2023 ikaja Maisha Namba.

Kiini cha mjadala, basi, si tarakilishi bali ridhaa. Kuridhia ni zaidi ya kutokataa: anayeridhia hujua anachokitoa, atakayekipokea na muda kitakaohifadhiwa. Foleni ndefu ya 2019 haithibitishi hayo, kwani hofu ya kukosa huduma nayo hupanga foleni. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 humkinga mtu asidaiwe habari za faragha pasipo haja. Mlinzi wa Lavington, kalamu mkononi, hajawahi kuambiwa hivyo. Wala aliyemwajiri hajaamua daftari likijaa lipelekwe wapi.