Likizo ya marafiki Bujumbura yakwama kwenye mafuta na mpaka

BUJUMBURA. Kwa marafiki wenye vibanda sokoni, kukubaliana kwenda mapumziko pamoja si kazi. Kazi ni kuondoka. Tangu Burundi ifunge mipaka yake na Rwanda Januari 2024, Gisenyi imekuwa mbali: kwa barabara ni kuzunguka Kobero, Kabanga na Ngara hadi Rusumo. Inabaki Kigoma, kupitia Mugina na Manyovu. Lakini dereva haahidi siku kabla hajapata mafuta, na mchango wa faranga ukikaa muda mrefu hununua shilingi chache. Mwenye mzigo njiani naye huomba tarehe isogezwe. Na kibanda aachiwe nani? Wengine huishia ufukwe wa Saga, kwa mukeke wa kuchoma, jioni baada ya kufunga.